Kijiji Kilichoandikwa Magofu

Nyinyi vijana mnaposhika simu mkaona mshale wa buluu unakuonyesheni mlipo, mnadhani ardhi imejichora yenyewe. Haikujichora. Tumeichora sisi, kwa miguu, kwa kubishana, na kwa matumbo yaliyojaa kahawa. Na nusu ya makosa mnayoyacheka leo mimi nayajua moja moja, maana nilikuwapo yalipofanywa, nikapiga kelele, na hakuna aliyenisikiliza mpaka chai ya saa nne ilipokwisha.

Kazi yangu ilikuwa kuhakiki. Ndege ilipita juu ikapiga picha. Mabwana wa ofisini wakazitazama picha zile mbili mbili kwa kioo chenye macho mawili, milima ikawainukia kama mikate motoni, wakachora. Kisha rasimu nikapewa mimi, na gari, na dereva, niende nikaone kama kilichochorwa kipo kweli, na wenyewe wanakiitaje. Miaka ya sabini ile na themanini nimeizunguka mikoa ya Sharqiya na Dakhiliya yote kule Oman, toka Sur mpaka Nizwa, na rasimu ndani ya bomba la bati. Nilichukuliwa kwa sababu nilitoka Unguja na Kiingereza cha kuandika, Kiarabu cha kuulizia njia, na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Hiyo nimerithi kwa mama yangu, ambaye hakupata kununua fungu la muhogo bila ya kulipanga upya mbele ya mwenyewe.

Kwanza nikwambieni khabari ya kahawa, maana bila ya hiyo hamtafahamu kitu. Ukifika kijiji chochote kule huulizi jina la bonde. Unasalimiwa, unakalishwa, unaletewa tende, halafu unaulizwa khabari za ulikotoka. Unajibu kwamba hakuna khabari, kheri tupu. Na wewe unauliza za kwao, nao wanakujibu hakuna khabari. Kila mtu anajua kwamba khabari zipo, na wewe hukuja na gari la serikali kwa kukosa pa kwenda. Lakini ndiyo adabu. Hapo ndipo kahawa inapoanza. Kikombe kidogo, kinatiwa kidogo, na kitaendelea kutiwa mpaka ukitikise. Usipokitikisa, mwenyeji hana ruhusa ya kuacha. Nimemwona mpimaji mmoja mgeni anakunywa huku jasho linamtoka, hajui kutikisa, na mwenyeji anamimina naye jasho linamtoka, dele la kahawa linakwisha. Adabu imewakaba koo wote wawili. Mimi nikangoja kidogo nione nani atasalimu amri, halafu nikamwonea huruma mwenyeji, nikamwonyesha mgeni kutikisa.

Basi hesabu wenyewe: vijiji vingapi, vikombe vingapi, kwa jina moja la kilima. Halafu ofisini wanauliza kwa nini umechelewa.

Kule mji wa Adam nilifika siku ya mnada wa mbuzi, nataka jina la mlima ulio nyuma ya mji. Mzee mmoja akanambia jina analo, na beberu wa kuuza pia anaye. Nikamwambia jina ni la serikali na beberu ni wa kwangu, hivyo ni vitu viwili mbali mbali. Akasema vema, nisinunue, na mlima ubaki vile vile bila ya jina, umeshazoea. Tukavutana mpaka adhuhuri. Niliondoka na jina, na mbuzi jike badala ya beberu, na kila mmoja wetu akidhani amemshinda mwenzake. Jina nikaenda kuliuliza tena kwa watu wengine wawili. Lilikuwa sahihi. Mbuzi ndiye aliyekuwa na kasoro.

Kuuliza watu watatu wasiokuwa pamoja nilifunzwa na mkuu wangu, Mista Gordon, Mskochi mrefu aliyekuwa akivaa soksi mpaka magotini hata mwezi wa sita. Mengi alinifunza. Alinifunza kutazama kivuli kwenye picha kabla ya kutazama kitu chenyewe. Alinifunza kutouamini mstari ulionyooka mno, maana bonde halikupigwa rula. Alikuwa mtu wa haki, na hilo ndilo lililokuwa likinichosha. Mtu dhalimu utamzunguka. Mtu wa haki ana kitabu cha kanuni, kakifunika kwa plastiki, na amekisoma.

Kitabu kile kilikuwa na alama mbili za mahali pa kukaa watu. Nyumba ni mraba mweusi uliojaa. Magofu ni mraba wa vitone. Cha katikati hakuna. Tanuf hapakuwa na taabu: kuta zimesimama bila ya paa, hata ukipita na gari mbio utasema magofu. Taabu ilinipata kusini ya Mudhaibi, pale ardhi ngumu inapokwisha na mchanga kuanza.

Rasimu ilionyesha shamba la mitende, kisima kimoja, mraba wa vitone, na kando yake alama ndogo ya zizi la mbuzi. Jina hakuna. Tulifika wakati wa baridi, mimi na dereva wangu Saidi. Huyu Saidi alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake na changu vilikuwa vikigombana tangu alfajiri mpaka tulale. Akateremka, akazunguka mara moja, akarudi.

"Mzee, huku hakuna watu, kuko mawe tu. Andika magofu twende tukule."

Na kweli mawe yalikuwapo, yamepangwa duara duara chini, na majivu ya zamani ndani yake. Mtu hayupo, hata mbwa. Nilikwisha fungua kalamu. Nikaona kwanza ninywe maji, nikaegemea mti wa ghaf, nikainua chupa, na uso ukainuka pamoja nayo. Juu yangu limening'inia sufuria.

Nikatazama mti wa pili. Masufuria, mikeka imeviringishwa ikafungwa kamba, kuta za makuti zimekunjwa kama barua, ndoo ya ngozi ya kutekea maji, na susu la kulalia mtoto. Kila mti una vyombo vya nyumba yake. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu, zikatoka nyumba zaidi ya ishirini. Ndege ilikuwa imepita juu ikaona majani. Sisi watu wa ramani kazi yetu kutazama chini. Kijiji kizima kilikuwa baina ya hao wawili, kimetundikwa.

Saidi akauliza kama watu hawa hawaogopi wezi. Nikamwambia Unguja sufuria hilo lisingeliona magharibi. Lakini hapa mtu ametundika susu la mwanawe akaenda zake, kwa sababu anajua atarudi kulichukua. Magofu hayafanyi hivyo. Nikafunga kalamu.

Tulipofika Mudhaibi tukapewa maelezo, na mtu aliyetupa alitushangaa kwamba tunaishi Oman na hatulijui hilo. Mitende ile haimwagiliwi, mizizi yake inajitafutia maji chini yenyewe. Basi wenyewe baridi yote wapo kwingine, huyu na ngamia wake mchangani, yule kwa mwanawe mjini, na wengine pwani. Ikifika qaidh, yaani lile joto la kuvuna tende, wote wanahamia pale. Miezi mitatu, minne, pana kijiji chenye adhana na ugomvi na harusi. Halafu wanatundika vyombo wanaondoka.

Nikampelekea Mista Gordon khabari hii kama mtu anayepeleka samaki mbichi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu chake. Sufuria si jengo. Makuti si ukuta. Na jina haliandikwi ila mbele ya kitu cha kudumu.

"Watu walionekana?" akaniuliza.

"Wanakuja wakati wa joto."

"Basi mhakiki atawaona wakati wa joto."

Hapa, vijana, ndipo nilipotamani kujipiga kichwa ukutani, na ukuta wa ofisi ulikuwa wa kudumu. Kwa sababu wakati wa joto ofisi nzima ilikuwa likizo. Mabwana wanakwenda kwao, magari yanafungiwa, mafuta hayatolewi. Kijiji kile kipo pale ambapo serikali haipo, na serikali ikirudi, kijiji kimekwisha panda juu ya mti. Wangeweza kuendelea hivyo wasionane mpaka kiyama, na kila upande una haki. Na karatasi ile ilikuwa iende kupigwa chapa mara tu likizo itakapokwisha.

Nikamwambia Mista Gordon nitakwenda mimi, kwa likizo yangu. Akakubali upesi mno, nikajua ningeomba na mafuta.

Mke wangu nilikuwa nimemwahidi Salalah, mvua na majani. Hakugombana. Alikunjua nguo alizokwisha kunja kwa safari, akasema, "Watu wote wanalikimbia joto, wewe unalifuata kwa miadi." Na maneno hayo niliyasikia tena katika kila Ramadhani iliyofuata.

Saidi alikuja kwa sababu gari lilikuwa la shemeji yake na hakuniamini nalo. Tulipofika, pale penye mawe na majivu pana watu, wallahi pana mpaka msongamano. Kuta za makuti zimesimama, redio zinalia, tende za manjano zimeanikwa, watoto wanakimbizana. Tukakaribishwa kwenye banda la bibi mmoja mwenye barakoa usoni, ameketi na dele lake. Tukapitisha salamu zote na khabari zote za hakuna khabari, kwa Kiarabu. Saidi akaniinamia akanambia kwa Kiswahili nimtikisie kikombe mapema, maana kikongwe huyu ana mkono wa kumimina na yeye Saidi kibofu kinamuuma.

"Choo kiko nyuma ya mtende ule wa tatu, mwanangu," akasema bibi, kwa Kiswahili cha Tabora. "Nenda, kahawa itakungoja."

Saidi akainuka akampigia shikamoo, kisha akaenda kwa kasi. Naikumbuka mpaka leo marahaba ya bibi, ndefu, ya mtu aliyekaa miaka bila ya kupata wa kumwitikia.

Huyo ndiye Bi Zuwena. Alikaa Tabora na mumewe, duka la nguo, watoto wanne. Waliporudi Oman walirudi na masanduku mawili, wakaikuta hii mitende ya baba yake. Ndiyo urithi, na ndiyo kila kitu. Akanieleza kwa utaratibu, bila ya kulia shida. Kisima chao kimegeuka chumvi. Mitende haijali, mitende inakunywa hata hivyo, lakini binadamu hawezi. Akanipa maji bila ya kahawa, nionje. Nikaonja. Nikakiomba radhi kinywa changu.

"Na kahawa ndo hayo hayo," akasema. "Nimezidisha hiliki tu. Kunywa, ukiona tabu tikisa."

Nilitikisa baada ya kikombe cha kwanza. Hakunilaumu.

Mwaka ule nyumba sita hazikuja, zimechoka kubeba maji kwa madumu toka Mudhaibi. Na mavuno yale ni ya wote, mtu mmoja hapandi mitende yake akashusha peke yake. Nyumba zikizidi kupungua, tende zitaozea juu, na shamba litakwisha. Mwanawe alikwenda kuomba wachimbiwe kisima kirefu, akaonyeshwa rasimu ile ile yangu mimi, akaambiwa hapo pana magofu, na magofu hayachimbiwi maji.

"Nimejitazama kwenye maji usiku ule," akasema Bi Zuwena, "nikasema labda ni kweli, mimi ni gofu na hawajanambia."

Nikatoka nikaanza kutafuta kitu cha kudumu. Makuti hayafai. Kisima kina alama yake, kiduara, na viduara havipewi majina. Mzee mmoja akanionyesha kwa furaha makaburi ya babu zao, ya kudumu kabisa. Nikamshukuru. Magofu yenye makaburi ndiyo yangezika shauri lenyewe.

Ikafika adhuhuri. Mtu akaadhini, wanaume wakaenda kujipanga safu nje, nyuma ya mstari wa mawe, nami nikajipanga nao. Mawe yale yamelazwa chini mraba, na upande wa kibla yamepindwa kama kiganja, pale anaposimama imamu. Hakuna paa, hakuna ukuta, jiwe moja baada ya moja, limefika kifundo cha mguu. Tulipotoa salamu nikaifungua rasimu kuona nipo wapi. Nilikuwa ndani ya zizi la mbuzi. Yaani adhuhuri yangu nimeiswali jamaa, watu safu nne, ndani ya zizi rasmi la mbuzi.

Nikacheka peke yangu, imamu akanitazama vibaya. Lakini kitabu cha Mista Gordon kilikuwa na alama ya msikiti, na mbele ya msikiti jina huandikwa, hata kama hapana mraba mmoja wa nyumba.

Sasa sikilizeni namna ya kwenda sokoni. Mista Gordon aliporudi, sikumwambia msikiti. Nilimwomba nyumba ishirini, miraba myeusi iliyojaa. Akakataa. Nikaomba kumi. Akakataa, akanionyesha ukurasa. Nikaomba tano, nikaomba moja ya Bi Zuwena tu, ajuza, Tabora, watoto wanne. Akakataa, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayeona haya. Alipokwisha kuona haya ya kutosha nikasema basi, niwekee msikiti peke yake.

"Upo msikiti?"

"Nimeswali ndani yake."

"Ukuta wake una urefu gani?"

"Unafika kwenye kifundo cha mguu," nikamwambia. "Cha mtu mfupi."

Nikamwambia afungue kitabu chake. Nyumba imewekewa sharti la ukuta, magofu yamewekewa sharti la ukuta, lakini msikiti kimesema mahali wanaposwali watu jamaa. Ukuta hakikuutaja. Aliyekiandika alidhani anajua msikiti ni nini. Mista Gordon akasoma, akarudia kusoma, na hapo nikampenda. Akavuta ile picha ya ndege chini ya kioo, akautazama ule mpindo wa mawe muda mrefu.

"Inaelekea magharibi," akasema. "Zizi halina sababu ya kuelekea mahali."

Akafuta zizi kwa mkono wake. Akaweka msikiti, na jina kamili pembeni, nililoliuliza kwa watu watatu. Karatasi ikaenda ikapigwa chapa.

Mngedhani hapo nimepumzika. Kazi ya ramani hakuna kupumzika. Waliotakiwa kuchimba kisima waliifungua karatasi mpya, wakaona msikiti, wakaona jina, wakasema pana watu, na wakaleta mtambo. Lini? Wakati wa baridi. Wakafika wakakuta mawe na majivu na hakuna wa kumwuliza wachimbe wapi. Basi wakafuata ramani. Ramani ilikuwa na kitu kimoja tu chenye jina. Wakachimba hapo hapo.

Joto lililofuata nilikwenda na nakala ya karatasi nimeiviringisha vizuri, zawadi. Saidi akanyosha shati njiani. Bi Zuwena akatupokea, akatuuliza khabari, tukasema hakuna. Halafu akanishika mkono wa kanzu akanipeleka mpaka kwenye pampu. Maji yanatoka, baridi, matamu. Na pampu imesimama mbele ya kibla, hatua chache toka pale anapotia imamu paji la uso.

"Nilikuomba maji, mwanangu," akasema. "Sikukuomba uyatie msikitini. Wanawake wateke vipi na wanaume wamesujudu mbele yao? Tangu tuje tunateka baina ya adhana na adhana, mbio mbio, kama wezi."

Wanaume nao wana yao. Mmoja anasema pampu iondoshwe. Mwengine anasema wanawake waende kisima cha zamani. Bi Zuwena akamjibu huyo kwamba akatangulie yeye, na aende na kikombe. Mimi nikaanza kueleza kwamba kuhamisha pampu kunataka barua, na barua inataka likizo ziishe. Nilikuwa nimekwisha kasirika, na serikali, na mitambo, na baridi, na mimi mwenyewe kwa kuamini kwamba kitu kikishachapwa kimekwisha.

Imamu ndiye aliyeuliza kama mahali pale pamewekwa wakfu. Wakatazamana. Hapana, ni mawe tu, babu zao waliyapanga pale kwa kivuli cha mti ambao umekwisha kufa. Akainama akachukua jiwe la kwanza la mihrabu, akatembea nalo upande wa pili wa mitende, akaliweka chini. Mwengine akachukua la pili. Saidi akavua shati lake alilolinyosha. Baada ya alasiri walianza, na magharibi tuliiswali kwenye msikiti mpya, safu nne, kifundo kile kile cha mguu.

Nikaifungua zawadi yangu chini ya banda. Bi Zuwena akataka kuonyeshwa jina la kijiji chake, nikamwekea kidole. Akalitazama. Kisha akaniuliza ule msikiti pembeni yake ni upi.

"Ndo ule mliouhamisha," nikasema.

"Kwa hiyo sasa ramani yako si kweli."

"Si kweli tena."

"Basi usimwambie mtu," akasema, "wasije wakachimba na pale."

Karatasi ile imeshachapwa upya mara ngapi sijui, na nakwambieni mapema, msikiti bado uko pale penye pampu. Mnaotaka kusahihisha nendeni, lakini nendeni kwa joto, na mkifika inueni vichwa kabla ya kufungua kalamu.

Jioni ile akatia maji mapya kwenye dele, hiliki kidogo tu, akanimiminia. Nikanyosha kikombe, akamimina tena. Saidi alitikisa chake zamani, akatoka kwenda nyuma ya mtende wa tatu, akarudi, akatukuta bado. Alininong'oneza kwamba njia ndefu na giza linaingia. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, na Bi Zuwena anamimina.